Mapango ya Mwezini, Mirihi na kwingineko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila habari ya pango la Mwezini inapotoka, maswali huja mfululizo, na mengi hujibiwa kwa haraka kuliko ushahidi unavyoruhusu. Majibu yaliyo hapa chini yanatenganisha kilichoonekana kwa kamera, kilichopimwa kwa rada au kwa joto, na kile ambacho bado ni matarajio. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma la pili.

Kweli kuna mapango nje ya Dunia?

Ndiyo, na ushahidi wenye nguvu zaidi uko Mwezini. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walitangaza kuwa wameona shimo lenye kuta zilizosimama wima katika Vilima vya Marius, upande wa Mwezi unaotazama Dunia. Lilikuwa kwenye picha za chombo chao Kaguya, kilichorushwa 2007. Upana wake ni kama mita 50 hivi, na kina chake kinakaribiana na hapo. Tangu 2009 chombo cha Marekani, Lunar Reconnaissance Orbiter, kimekuwa kikiuzunguka Mwezi, na picha zake zimefichua mashimo ya namna hiyo zaidi ya 200. Orodha ya Mirihi ni ndefu zaidi: ina sehemu zaidi ya 1,000 zinazodhaniwa kuwa milango ya mapango.

Zinazodhaniwa. Hapo ndipo penye kazi.

Shimo likionekana, si tayari ni pango?

Hapana. Kamera iliyo juu huona mdomo tu. Ardhi inaweza kutumbukia, kifusi kikajaa chini, na pembeni kusiwe na njia yoyote. Ili tuseme pango, lazima kuwe na nafasi inayoendelea chini ya mwamba, mahali ambapo mtu akisimama hataona anga juu yake.

Njia ya kwanza ya kuhakiki ni kupiga picha kwa mshazari. Lunar Reconnaissance Orbiter iliwahi kuinamishwa ili kamera ichungulie chini ya ukingo wa shimo la Mare Tranquillitatis (uwanda mweusi wa lava Mwezini), ambalo upana wake ni kama mita 100 na kina chake kinazidi hapo. Sakafu ilionekana ikiingia chini ya mwamba kwa mita 20 au zaidi, kisha giza. Ni hatua nzuri, lakini mita 20 zinaweza kuwa kivuli cha mwamba uliojitokeza, basi.

Njia ya pili ni rada, na hapa kuna kisa kizuri. Mwaka 2010 rada ya chombo hichohicho ilipita juu ya shimo hilo ikitupa mawimbi yake kwa pembe. Takwimu zilihifadhiwa. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Trento, Italia, wakiongozwa na Lorenzo Bruzzone na Leonardo Carrer, walizipitia upya kwa mbinu mpya za uchambuzi. Waligundua mwangwi ambao haukuweza kuelezwa kwa sakafu ya shimo peke yake: mawimbi yalikuwa yameingia chini ya ukingo wa magharibi, yakagonga kitu, yakarudi. Maelezo yaliyolingana na vipimo yalikuwa uwazi ulio kati ya mita 130 na 170 chini ya uso wa Mwezi, wenye upana wa mita 45 hivi, na urefu wa kati ya mita 30 na 80. Matokeo hayo yalichapishwa 2024, miaka 14 baada ya rada kupita.

Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi bora tulio nao. Lakini angalia ulipoishia: rada iliona mwanzo wa njia. Njia hiyo inaweza kuendelea kwa kilomita nyingi, au ikazibwa na kifusi palepale mwangwi ulipokoma. Anayekuambia kwamba tayari tumepata handaki refu la kujenga mji amekimbia mbele ya vipimo.

Njia ya tatu ni joto. Ina swali lake hapo chini.

Mapango hayo yalitokeaje?

Mengi yanahusishwa na lava. Lava nyepesi ya basalti inapotiririka, sehemu ya juu hupoa kwanza na kuganda, wakati chini mtiririko unaendelea ukiwa bado wa moto kwa sababu lile gamba lililoganda linaukinga usipoteze joto. Chanzo kinapokauka, kilichobaki ndani hutiririka na kutoka, na nyuma yake linabaki handaki tupu. Duniani mahandaki haya yapo mengi. Pango la Kazumura huko Hawaii, ambalo ni la aina hii, limepimwa na urefu wake unazidi kilomita 65.

Mwezini volkeno zilimwaga lava nyingi zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, na ndiyo iliyoacha yale madoa meusi unayoyaona kwa macho. Shimo linatokea pale sehemu ya paa la handaki inapoporomoka.

Kinachowasisimua wahandisi ni ukubwa. Mvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya ule wa Dunia, kwa hiyo paa hubeba uzito mdogo na linaweza kukaa juu ya nafasi pana zaidi. Hesabu za watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue zilionyesha kuwa handaki la Mwezini lenye upana wa zaidi ya kilomita 1 linaweza kusimama bila kuanguka. Linaweza kusimama, hakuna aliyeliona.

Watu wamewahi kufika karibu na kitu cha ukoo huo. Mwezi Julai 1971 David Scott na James Irwin, wanaanga wa safari ya Marekani ya Apollo 15, walisimama ukingoni mwa Hadley Rille, bonde linalojipinda lenye upana wa kama kilomita 1.5 na kina cha mita 300 hivi. Wanajiolojia wengi wanalitazama kama mfereji wa lava, na huenda sehemu zake ziliwahi kuwa na paa.

Nimesoma kwamba ndani ya shimo la Mwezini kuna joto la nyuzi 17. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa humo na fulana?

Akikaa na fulana atakufa kwa kukosa hewa kabla hajafikiria habari ya joto. Ndani ya shimo ni ombwe lilelile la nje.

Namba yenyewe ni ya kweli na ina maana kubwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitumia kipimajoto cha Diviner kilichopo kwenye Lunar Reconnaissance Orbiter, pamoja na hesabu za kompyuta, wakakadiria kuwa sehemu zenye kivuli cha kudumu ndani ya shimo la Mare Tranquillitatis hukaa karibu na nyuzi 17 za Selsiasi mchana na usiku. Nje, uso wa Mwezi hupanda hadi kama nyuzi 120 mchana na kushuka chini ya 130 hasi usiku, na kila kipindi huchukua karibu wiki mbili za Dunia.

Chini ya mwamba, joto linalotolewa na ukuta mmoja hupokelewa na mwingine badala ya kupotelea angani, na jua la moja kwa moja halifiki. Hivyo hali hutulia. Lakini hiyo ni pembeni, kivulini. Katikati, pale jua la mchana linapoangaza sakafu moja kwa moja, watafiti haohao walikadiria joto linalozidi nyuzi 140, kali kuliko la uso wa juu, kwa kuwa kuta nazo zinairudishia sakafu joto lake. Anayeshuka atapita kwenye tanuri kwanza, au ataingia wakati jua halimuliki humo.

Kwa nini wanaanga watake kuishi chini?

Mionzi kwanza. Chombo cha China Chang'e 4, kilichotua upande wa nyuma wa Mwezi Januari 2019, kilipima karibu milisiviti 1.4 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa siku. Duniani mtu wa kawaida hupokea kama milisiviti 2.4 za mionzi ya asili kwa mwaka mzima. Kwa maneno mengine, siku mbili tu Mwezini zimeshapita mwaka wa huku. Mita chache za mwamba hupunguza sana mzigo huo. Mwamba huohuo huzuia vimondo vidogo, ambavyo Mwezini hufika chini na kasi yao yote kwa sababu hakuna hewa ya kuviunguza. Joto tumeshalisema.

Pamoja na hayo, sitarajii kituo cha kwanza kiwe pangoni. Mpango wa Artemis wa Marekani unalenga ncha ya kusini, ambako kuna barafu kwenye kreta zisizopata jua kamwe na vilele vinavyomulikwa muda mrefu. Mashimo tunayoyafahamu vizuri hayako huko: la Mare Tranquillitatis na lile la Vilima vya Marius yote yako jirani na ikweta ya Mwezi. Barafu ya kunywa iko upande mmoja, nyumba nzuri upande mwingine. Wa mwanzo watafukia makazi yao kwa udongo wa Mwezi, na mapango yatasubiri.

Je, paa haliwezi kuwaangukia?

Linaweza. Kila shimo tunaloliona ni paa lililokwisha anguka. Mwezi nao hutetemeka: vipimatetemeko vilivyoachwa na Apollo, ambavyo vilifanya kazi hadi 1977, vilinasa matetemeko machache ya karibu na uso yaliyokaribia ukubwa wa 5. Kwa upande wa pili, paa lililobaki limeshapigwa na vimondo na kutikiswa kwa mabilioni ya miaka na bado lipo. Swali la haki ni hali ya paa hili hasa, na jibu lake linahitaji mtu au roboti kwenda kulitazama kutoka ndani.

Unaingiaje kwenye shimo la mita 100?

Tuanze ukingoni, maana watu huruka sehemu hii. Picha zinaonyesha kwamba mashimo mengi hayana ukingo mkali kama wa kisima. Ardhi huanza kuinama taratibu, mteremko unazidi kuwa mkali, juu yake kuna vumbi na mawe yasiyoshikamana, kisha ghafla mwamba unakatika. Chombo chenye magurudumu kikianza kuteleza hapo, hakuna breki itakayosaidia. Mvutano mdogo usikudanganye: jiwe likidondoka mita 100 Mwezini hutumia sekunde 11 hivi kufika chini, na linagonga likiwa na mwendo wa karibu kilomita 65 kwa saa.

Kwa hiyo mawazo mengi yanahusu kamba. Maabara ya Jet Propulsion ya Marekani ilitengeneza Axel, roboti ya magurudumu mawili inayoning'inia kwenye waya unaoipa pia umeme na mawasiliano, na ikapendekeza safari iliyoitwa Moon Diver ya kuiteremsha katika shimo la Mare Tranquillitatis. Safari hiyo haikuchaguliwa. Nasikitika, kwa sababu hata kama chini kusingekuwa na pango, ukutani pekee pangetosha: tabaka juu ya tabaka za lava zilizo wazi, historia ya volkeno za Mwezi ikiwa imepangwa kwa zamu kutoka ya zamani hadi ya karibuni, bila kuchimba hata shimo moja.

Mwezi Februari 2023, kisiwani Lanzarote, Hispania, kikundi kilichoongozwa na DFKI, kituo cha Ujerumani cha utafiti wa akili ya mashine, kilijaribu njia nyingine katika handaki halisi la lava. Roboti zilichora kwanza ramani ya eneo la mlangoni. Kisha kisanduku chenye vihisi kilitupwa ndani ili kitoe picha ya awali ya umbo la pango. Baada ya hapo roboti kubwa, SherpaTT, ilishika kamba na kuiteremsha ndogo, Coyote III, ambayo ilijitegua kutoka kwenye kamba na kwenda kupeleleza. Ninaipenda hatua ya kile kisanduku. Unatoa mhanga kitu cha bei ndogo ili kujua kama cha bei kubwa kina pa kukanyaga.

Ikishaingia, itawasiliana vipi?

Kwa shida. Mawimbi ya redio hayapenyi mwamba mnene, na ndani ya pango kona moja inatosha kuyakata. Waya ni wa uhakika lakini hunasa kwenye mawe. Njia ya pili ni roboti kuangusha vipaza mawimbi njiani, kimoja kila inapokaribia kupoteza kingine. Ya tatu ni kuiacha iende peke yake, ichore ramani kwa leza, irudi mlangoni na kutuma ilichokiona. Hapo akili ya mashine lazima iwe nzuri, hasa Mirihi, ambako ujumbe huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika. Hakuna mtu wa kuiongoza kwa mkono.

Umeme ni tatizo la pili, kwani paneli za sola humo ni mzigo mtupu. Betri ndizo zitakazoamua urefu wa safari.

Mirihi je?

Mwaka 2007 Glen Cushing na wenzake walitangaza madoa saba meusi kwenye miteremko ya volkeno ya Arsia Mons, yenye upana wa kati ya mita 100 na 250. Waliyapa majina yasiyo rasmi: Dena, Chloe, Wendy, Annie, Abbey, Nikki na Jeanne. Kilichowashawishi kuwa si madoa ya kawaida ni joto lililopimwa na chombo cha Mars Odyssey. Mchana madoa yalikuwa baridi kuliko ardhi ya jirani, usiku yakawa na joto kuliko hiyo ardhi. Mahali penye kina huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Hata hivyo, picha kali zaidi zilizofuata zilionyesha kwamba baadhi yake ni visima virefu vyenye kuta wima, bila dalili ya njia ya pembeni.

Kufika huko ni tatizo la peke yake. Arsia Mons ni mlima mrefu mno, na kanieneo ya hewa ya Mirihi kwa wastani ni chini ya asilimia 1 ya ile ya Dunia. Parachuti inahitaji hewa ya kuishika. Ndiyo maana roboti za magurudumu Curiosity na Perseverance zilipelekwa kwenye kreta za chini. Helikopta ndogo Ingenuity iliruka mara 72 kati ya 2021 na 2024, na imefungua milango ya mawazo, lakini iliruka mchana kweupe huku kamera yake ikisoma ardhi. Gizani, katikati ya kuta, ni habari nyingine.

Kunaweza kuwa na uhai humo?

Mwezini, usihangaike. Mirihi swali lina uzito. Juu ya ardhi mionzi huvunjavunja molekuli za uhai na baridi ni kali. Chini kuna kinga, na hesabu zinaonyesha barafu inaweza kudumu humo. Duniani tunajua kwamba giza halizuii maisha. Pango la Movile nchini Romania lilifunguliwa kwa bahati na wachimbaji mwaka 1986, baada ya kutengwa na nje kwa mamilioni ya miaka. Ndani yake wanaishi makumi ya spishi za wadudu na viumbe wengine wadogo, na msingi wa chakula chao ni bakteria wanaopata nishati kutoka kwenye kemikali za salfa na methani badala ya jua.

Movile haithibitishi lolote kuhusu Mirihi. Inaonyesha tu mahali pa kutafuta.

Na sisi tukipeleka vijidudu vyetu?

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kuanguka kwa paa. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unazitaka nchi kuepuka uchafuzi wenye madhara, na kamati ya kimataifa ya utafiti wa anga, COSPAR, ina kanuni kali zaidi kwa maeneo ya Mirihi ambako vijidudu vya Dunia vingeweza kuzaliana. Pango lenye barafu linaangukia hapohapo. Mionzi ya urujuanimno inayosafisha uso wa sayari haifiki ndani. Ukikiingiza kijidudu kimoja kigumu, kinaweza kukaa humo muda mrefu, na siku kikipatikana nani atajua kilitoka wapi? Binadamu hawezi kusafishwa kama chuma. Kwa hiyo mapango ya Mirihi yaanze na roboti, na watu wakae mbali hadi majibu yapatikane.

Kuna mapango yasiyo ya lava?

Yanawezekana. Titan, mwezi wa Zohali, una mvua na maziwa ya methani, na rada ya chombo cha Cassini ilionyesha nyanda zilizokatwakatwa zinazofanana na ardhi ya chokaa ya Dunia, ile inayoyeyushwa na maji hadi kuwa na mapango. Enceladus, mwezi mwingine wa Zohali, una nyufa kwenye barafu zinazorusha mvuke na chembe za barafu. Ni kwa ajili yake Maabara ya Jet Propulsion imejaribu roboti yenye umbo la nyoka, EELS. Kwenye kometi 67P, chombo cha Ulaya Rosetta kiliona mashimo ya duara yenye upana na kina cha hadi mita 200 hivi, yanayodhaniwa kutokea paa lilipoporomoka juu ya uwazi ulioachwa na barafu. Zuhura ina volkeno tele, ila kwa joto la nyuzi 460 mjadala wa kuingia pangoni unaisha mapema.

Kuna chombo kilichowahi kuingia hata kimoja?

Bado.

Naweza kuyaona mashimo hayo mwenyewe?

Kwa darubini ya nyumbani, hapana. Mita 100 kwa umbali wa kilomita 384,400 ni kidogo mno. Mare Tranquillitatis lenyewe unaliona kwa macho, doa jeusi upande wa kulia wa Mwezi mpevu kwa aliye kaskazini mwa ikweta, na shimo liko humo ndani. Ila picha za Lunar Reconnaissance Orbiter na za vyombo vya Mirihi ziko wazi mtandaoni bila malipo, na si za wataalamu peke yao. Mwaka 2010 wanafunzi wa darasa la saba huko California, wakichambua picha za Mars Odyssey kwa ajili ya mradi wa shule, waliona doa jeusi kwenye mteremko wa Pavonis Mons, volkeno ya Mirihi. Wakaomba picha kali zaidi ipigwe. Ilipokuja, lilikuwa shimo lenye upana wa mita 190 kwa 160 na kina kilichokadiriwa kuwa si chini ya mita 115.